Mathenge na Matoka ya Mzee Gathogo

Kule Giakanja watakuambia kwamba Mathenge wa Ngendo aliweza kuokota yai chini ya kuku kwa ndoo ya eskaveta, na kuku asigutuke. Huo ni uongo. Kuku aligutuka vibaya, akahamia kwa jirani na akaanza kutagia huko. Lakini yai halikupasuka, na hilo hata mahasidi wake wanalikubali.

Mathenge alikuwa opereta wa eskaveta, ile mashine ya njano yenye mkono mrefu na ndoo yenye meno. Alikuwa na mikono mizuri na mgongo mbaya, na vyote viwili alivipata mahali pamoja, kwenye kiti cha mashine. Alianza akiwa kijana mwembamba wa kupaka grisi, chini ya Yasin, Mwislamu mmoja wa mjini Nyeri ambaye alikuwa mkali kwa watu na mpole kwa injini. Yasin alimweka kwenye grisi hadi akaanza kunuka kama bawaba. Kila alipoomba kugusa leva za kuendeshea alijibiwa lile lile: "Umeshajua mashine inalia vipi ikiwa na njaa? Bado? Basi paka grisi."

Siku alipompa kiti, Yasin alimpa na sheria moja. Usichimbe udongo ambao hujaukanyaga kwa miguu yako. Shuka kwanza, tembea, uliza wenyewe, ndipo upande.

Mathenge akaishika sheria hiyo, akazunguka nayo miji yote ya mlimani. Alichimba mitaro ya maji Naro Moru, kwenye baridi ya kufanya mate yagande mdomoni. Alifungua njia za chai kule Kangema, ambako mvua hainyeshi bali inahamia na vyombo vyake. Huko mashine ilizama kwenye tope hadi ikabaki bomba la moshi tu, kama kiko cha mzee aliyezikwa na tumbaku yake. Wenzake walipofukua wakamkuta ndani ameketi, amemaliza chapati zote, anauliza kama kuna chai. Hivyo ndivyo wanavyosimulia wenzake, na kila wakisimulia, chapati zinaongezeka.

Wasilolisimulia ni kile kiti. Kiti cha eskaveta humtikisa mtu kutwa nzima kama anayepepeta maharagwe, na jioni mtu hushuka akiwa ndiye makapi. Mgongo wa Mathenge ulianza kwa kunung'unika, ukaendelea kwa kulia, ukaishia kwa kunyamaza, na kunyamaza ndiko kubaya, maana miguu nayo ikaanza kufa ganzi. Mke alikuwa amekwisha kuondoka zamani, akisema hakuolewa na mtu ili amsugue dawa ya ng'ombe kila siku. Kufikia umri wa miaka hamsini na kitu, kushuka kwenye mashine kulimchukua Mathenge muda kama wa kushusha kabati. Basi akawa hashuki, isipokuwa kwa kula na kwa haja. Udongo akawa anautazama kutoka juu.

Na jambo lingine la kusikitisha ni kwamba mtu huyu aliyehamisha milima ya watu, yeye mwenyewe hakuwa na udongo wa kujaza sufuria, ukiondoa kile kipembe cha shamba cha mama yake.

Kipembe chenyewe kilipatikana hivi. Mama yake, Ngendo, alikuwa mchuma kahawa wa Mzee Gathogo. Mke wa Gathogo alipougua ule ugonjwa mrefu, Ngendo ndiye aliyembeba, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko hadi mwisho, huku ndugu wa damu wa mgonjwa wakipita mbali na kuziba pua. Baada ya mazishi Gathogo akawaita wazee, wakanywa uji wa kushuhudia, akamkatia Ngendo kipembe chini kabisa karibu na kijito, akapanda matoka kukizunguka.

Matoka ni mimea ya mpaka. Yana kitunguu kikubwa chini na majani mapana juu, na huko Nyeri yakishapandwa mbele ya wazee, hakuna anayeyang'oa, hata kwa hasira, hata kwa ulevi. Mtu anaweza kuiba ng'ombe wa jirani, akalipa, akasamehewa. Aking'oa matoka, watu wanaacha kumsalimia.

Mstari wa matoka wa Gathogo ulitoka juu barabarani ukashuka katikati ya kahawa hadi karibu na kijito. Upande wa kulia ulikuwa wa Wambugu, mwanawe mkubwa, na upande wa kushoto wa Kinyua, mdogo. Huko chini mstari ulipanuka kama miguu miwili ya mtu aliyesimama, na katikati ya miguu hiyo ndipo palipokuwa na kipembe cha Ngendo: nyumba ya mbao, jiko, choo, na sukuma wiki za kutosha mtu na jirani yake. Karatasi hakuna. Shamba lote lilikuwa bado na jina la Gathogo, ingawa Gathogo alikuwa amekufa zamani, maana Wambugu na Kinyua hawakuwa wamekubaliana hata siku ya kuketi. Kwa hiyo hati ya Ngendo ilikuwa matoka yale, na hakuwa na nyingine.

Mwaka huo, kwenye kiangazi cha Februari, ndugu hao wakakubaliana jambo moja. Kahawa ya baba ilikuwa imezeeka, inazaa majani na kikohozi. Wakasema ing'olewe yote, wapande parachichi. Wakakodi mashine kwa Phyllis, mwanamke wa mjini Nyeri mwenye eskaveta mbili na ulimi wa kutosha tano.

"Mathenge," Phyllis alimpigia simu, "kazi ni huko kwenu kabisa. Hata utakula kwa mama. Sasa usikae ukisalimia watu na mashine inanguruma, hiyo dizeli si chai."

Asubuhi ya kazi ndugu wale wawili walikuwa barabarani wamesimama mbali mbali, kila mmoja akiangalia upande wake kama majogoo waliochoka. Wambugu alikuwa na kofia yake ya kanisani. Kinyua alikuwa na vumbi la duka lake la chakula cha mifugo hadi kwenye nyusi.

"Ng'oa yote, kutoka hapa mpaka huko kwa mto," Wambugu akasema. "Halafu usawazishe. Nataka kuona kama meza."

Mathenge alifungua mdomo aulize mpaka, akaufunga. Matoka yalikuwa yamelala. Kiangazi kikiwa kikali, majani yake hukauka yakapotea kabisa, kikabaki kitunguu chini kinangoja mvua. Juu kulikuwa na nyasi tu na majani ya kahawa yaliyooza.

Wambugu akamwona anasita. "Unangoja nini? Ama nikuonyeshe shamba? Si wewe ni wa hapa? Nikuonyeshe nini, choo yenu?"

"Huyu anajua hii shamba kuniliko," Kinyua akadakia kutoka mbali. "Amekojoa kila mahali hapa."

Wakacheka, hata Mathenge akacheka. Mtu aliyezaliwa mahali haonyeshwi mpaka, na akiuliza ni kama ameuliza jina la mama yake. Akajiambia, nitauona nikifika. Kisha akaufikiria mgongo, na ngazi ya mashine, na mteremko ule wote wa kutembea. Akapanda.

Kazi aliyoifanya siku hiyo, wanaojua kazi bado wanaizungumza. Mashina ya kahawa yalitoka kama meno ya mtoto, bila kelele. Aliyapanga kando, akarudi na ndoo akiuburuta udongo juu na chini, kulia na kushoto, akiupapasa, hadi mteremko wote ukalala. Alikuwa na furaha. Mikono ilikuwa inafanya yenyewe, na kwa saa kadhaa hata mgongo ulimsahau.

Jua likiwa limeinama alifika chini, karibu na sukuma za mama yake. Akachota mara ya mwisho. Kitu kikadondoka kutoka katikati ya meno ya ndoo, kikabiringika, kikagonga mnyororo ambao mashine hutembelea, kikatulia. Kilikuwa kama kitunguu, ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga.

Mathenge akazima injini. Akashuka, akakiokota, akakigeuza. Halafu akatazama juu. Kutoka kijito hadi barabara udongo ulikuwa mwekundu, laini, umetandikwa kama kitanda cha mgeni. Hakuna shina, hakuna nyasi, hakuna alama. Maishani mwake hakuwahi kufanya kazi safi kama ile.

Ngendo akatoka na fimbo yake. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu, lakini masikio yalisikia hata jirani akikuna kichwa.

"Mashine imenyamaza. Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Na mbona unapumua kama umemalizwa wewe?"

Akamwekea kile kitunguu mkononi. Ngendo akakipapasa polepole, mizizi, shingo, maganda.

"Hii ni ya wapi? Ya kwa Wambugu, ya kwa Kinyua, ama ya kwetu?"

"Sijui, mama. Yote imetoka."

"Yote?"

"Yote."

 Upepo ulikuwa unaleta harufu ya udongo uliofunuliwa.

"Makosa ni yangu," mama akasema. "Ningekufa ule mwaka nilikuwa na kifua, mngenizika hapo kando ya sukuma. Kaburi hakuna mtu anasawazisha. Ningekuwa mpaka mzuri sana. Sasa ona, niko hai na sina kazi."

Kesho yake ndugu wale wakaambiwa. Mwanzoni hawakukasirika, maana kila mmoja aliamini anaujua mpaka kwa moyo. Wambugu akasimama karibu na jiwe kubwa lililokuwa kwenye ua wa barabarani, akasema mstari ulianzia hapa. Kinyua akasimama kwenye nguzo ya stima, akasema ulianzia hapa. Katikati yao pangetosha kanisa na uwanja wa maegesho. Wakatazamana, halafu wote wawili wakamgeukia Mathenge.

"Wewe ndio wa mwisho kuyaona," Wambugu akasema.

"Sikuyaona, mzee."

"Uliyang'oa na hukuyaona?"

"Yalikuwa yamelala."

"Na wewe je," Kinyua akauliza, "ulikuwa umelala?"

Maneno yakaanza hapo, na maneno ya ndugu huwa hayaanzi na mpaka, yanaanza na nani alinyimwa nyama mwaka gani. Chifu akaitwa. Akaja na Mzee Wamae, aliyekuwa mkubwa wa wazee waliobaki, mtu mkimya aliyezoea kusikiliza ameinamia fimbo. Mzee Wamae akasema hakuna haja ya kupigana. Mpimaji wa ardhi atakayegawa shamba bado hajaja. Mvua ikinyesha, vitunguu vilivyobaki chini vitatoa majani, na matoka yenyewe yataonyesha yalikuwa wapi.

Basi Giakanja nzima ikaanza kungoja mvua kwa shamba la mtu mwingine. Watu waliokwenda sokoni walisimama kwenye ua wakichungulia udongo mtupu kama wanaongoja mchezo uanze. Watu wenye kwekwe za kufika kiunoni kwao walikuja kutoa maoni. Na Mathenge, ambaye kila asubuhi alitakiwa kazini, alipita pale kwanza, akainama kadiri mgongo ulivyomruhusu, akatafuta ncha ya jani. Hakukuwa na kitu.

Katika siku hizo Wambugu alikuja kwa Ngendo na sukari na mafuta ya kupikia. Akakaa, akanywa chai, akasifu chai, ndipo akafikia lililomleta.

"Mathenge, mimi nimekuona ukikua. Huyu mama aliosha mama yangu, sisahau. Wewe ukikumbuka tu kwamba mstari ulipita kwa lile jiwe, mimi nitawaandikia hiki kipembe kwa karatasi. Na muhuri."

"Lakini sikumbuki, mzee."

"Fikiria. Usiharakishe."

Wiki hiyo hiyo Kinyua akaja na gunia la unga. Yeye hakunywa chai, alisimama mlangoni.

"Ile nguzo ya stima, Mathenge. Ukisema nguzo, nyinyi mnakaa hapa mpaka Yesu arudi."

"Kinyua, mimi sikumbuki."

"Kwani mimi nimesema ukumbuke? Nimesema useme."

Alipoondoka, Ngendo akagonga fimbo chini. "Sasa chagua mmoja. Yeyote. Tena sukari ilikuwa nyingi kuliko unga, kama unataka mawaidha yangu."

"Mama."

"Mama nini? Niko na ile kitunguu chini ya kitanda. Chukua jembe, chimba, panda. Mimi nitaapa niliisikia ikimea."

"Nipande wapi?"

"Mahali mpaka ulikuwa."

"Ndio sijui."

"Basi panda mahali pazuri."

Mathenge alikichukua kile kitunguu. Alipanda nacho hadi katikati ya mteremko, jembe begani, akasimama. Alijaribu kukumbuka. Njia ile ya kando ya matoka aliipita akienda shule kabla hajaacha shule, akaipita akirudi na mshahara wa kwanza, akaipita amelewa, akaipita nyuma ya jeneza la Gathogo. Alikumbuka alichokuwa akifikiria kila mara. Alikumbuka njaa, alikumbuka msichana mmoja aliyeitwa Lynn. Matoka yalikuwa pale miguuni pake siku zote, na hakuna siku hata moja aliyoyatazama. Alipofumba macho aliona shamba kutoka kwenye kiti cha eskaveta, pana na sawa, halina kitu.

Kwa nini hakupanda tu? Wengi wanauliza hivyo hadi leo, na wengine wanamwita mjinga. Kupanda matoka ya uongo ni kubaya kuliko kuyang'oa, hilo moja. Lakini kilichomshika hasa ni kwamba alikuwa amekwisha kumkosea Gathogo mara moja bila kujua. Mara ya pili ingekuwa kwa kujua. Akarudi na kitunguu mfukoni, koti likimning'inia upande mmoja.

Alikwenda mjini kumwona Yasin. Mzee alikuwa amestaafu, anakaa na binti yake Mwanaisha, amekonda hadi kanzu ikawa inamvaa yeye. Mathenge akamweleza yote, kahawa, matoka, ndugu wawili, mama. Yasin akasikiliza hadi mwisho.

"Ulishuka?" akauliza.

"Sikushuka."

 Yasin akamwita Mwanaisha aongeze chai, wakanywa, wakazungumza habari za bei ya dizeli. Mathenge alipoaga, yule mzee hakumshika mkono kwa muda mrefu kama zamani.

Mvua ikaja mwishoni mwa Machi. Ilikuja na hasira ya aliyecheleweshwa, ikapiga mabati, ikajaza kijito, ikakatika. Ikarudi. Baada ya siku chache watu wakaanza kuitana kwenye ua.

Matoka yalikuwa yameota. Yalikuwa yameota kando ya barabara, na katikati ya mteremko, na kulia, na kushoto, na kwenye alama za minyororo ya mashine. Moja lilikuwa limeota juu ya rundo la mashina ya kahawa, likapeperusha majani kama linapunga mkono. Mathenge alikuwa ameuburuta udongo ule kwenda na kurudi siku nzima, na vitunguu vilikwenda na kurudi pamoja nao. Alikuwa amevipanda kama mtu anayemwaga mahindi. Mteremko wote ulikuwa na madoa ya kijani kama kichwa chenye mapunye.

Wambugu akapata manne yaliyojipanga kuelekea kwenye jiwe lake. Kinyua akapata matano kuelekea kwenye nguzo. Mwanamke mmoja wa kuuza vitunguu sokoni alicheka hadi akaketi kwenye tope. Mathenge alisimama nyuma ya wote, akaona kwamba sasa hakuna wa kumwokoa isipokuwa mdomo wake mwenyewe.

Kikao kikawekwa hapo hapo shambani, viti vya plastiki vikizama kwenye udongo. Chifu alikuwapo, na mpimaji na vyombo vyake, na nusu ya Giakanja. Ngendo aliletwa akaketi kwenye kigoda, uso juu.

Mzee Wamae akasema, "Mathenge. Matoka yametuchanganya. Wewe ulizaliwa hapa na wewe ndiye uliyeshika ndoo. Tembea, utuonyeshe. Mahali utasimama ndipo tutashikilia."

Mathenge akaanza kutembea kando ya ua wa juu. Nyayo zake zikawa zinanyonywa na udongo. Alifika kwenye jiwe, Wambugu akakohoa kidogo. Angesimama pale, mama yake angekuwa na karatasi yenye muhuri. Akapita. Alifika kwenye nguzo, Kinyua akaacha kutafuna kijiti. Angesimama pale, vile vile. Akapita. Akafika mwisho wa ua, akageuka, akarudi mbele ya wazee, akavua kofia.

"Sijui, wazee wangu. Nilichimba bila kushuka. Nikisema ni hapa au ni pale, nitakuwa ninawadanganya."

Kinyua akasimama. "Huyu amenunuliwa."

"Na nani?" Wambugu akauliza. "Mimi nimejaribu, amekataa."

"Hata mimi nimejaribu."

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi ndugu hao kuaminiana, na hiyo ndiyo iliyommaliza Mathenge. Wambugu akaanza kucheka. Kinyua naye akacheka. Kabla birika la chai jikoni kwa Wambugu halijachemka, walikuwa wamekwisha kupatana: kamba ivutwe moja kwa moja kutoka barabarani hadi kijitoni, nusu kwa nusu, mstari mmoja ulionyooka.

"Na Ngendo?" Mzee Wamae akauliza. "Mstari wa Gathogo ulikuwa na miguu miwili."

Wambugu akatazama chini. "Mama Ngendo alipewa kwa matoka, mzee. Matoka yenyewe iko wapi?"

"Iko kila mahali," mtu akasema nyuma, na watu wakacheka.

Chifu akasema bila karatasi mikono yake imefungwa. Wazee walioushuhudia uji wa Gathogo walikuwa wote udongoni. Mzee Wamae siku hiyo ya uji alikuwa kijana, anachunga ng'ambo ya kijito, aliona moshi tu. Akaulizwa kama ataapa kwa moshi. Akainamia fimbo yake. Ikaamuliwa Ngendo na mwanawe wakae hadi mvua ikatike, kwa hisani ya wenyewe.

Ngendo alishikwa mkono kurudi chini. Hakusema kitu hadi walipofika mlangoni.

"Nilizaa mtoto mkweli," akasema. "Sasa nitazikwa mahali pa kukodi."

Baada ya hapo hakumsemesha kwa siku nyingi, isipokuwa kumwambia chumvi iko wapi. Na Tetu yote, Giakanja na vijiji vya jirani, ikamjua Mathenge kwa jina jipya, Msawazishaji, na hakuna aliyetaka alisogelee shamba lake. Phyllis akamhamishia Naro Moru kwenye mitaro ya maji, akamtafutia chumba cha mabati cha kukaa na mama yake, nyuma ya duka la mkaa.

Mvua ilipokatika, ndugu wakakodi mashine tena, safari hii wakiwa wamesimama pamoja. Kulikuwa na nyumba ya kuondoa. Phyllis akasema atamtuma Waweru, opereta wake mwingine, kijana.

"Hapana," Mathenge akasema. "Waweru atavunja kila kitu. Nitakuja mwenyewe."

Pikapu ilikuwa imeshapakiwa kitanda, masufuria na kuku. Ngendo aliketi kwenye kiti kando ya kijito, blanketi mabegani. Mathenge akaondoa mabati kwanza, moja moja, akiyashika kwa meno ya ndoo kwa upole wa mtu anayemvua mgonjwa shati. Mama hakuona, lakini alisikia kila kitu.

"Hiyo ni dirisha ya upande wa mto. Usiivute, isukume. Hivyo. Hiyo sasa ni mlango. Polepole na hiyo bawaba, baba yako aliiiba Othaya."

Mbao zikalala kwenye rundo, hakuna iliyopasuka. Jiko likafuata, halafu choo, akajaza shimo lake kwa udongo, akaushindilia. Mwishowe akavuta ndoo juu ya mahali pote, kwa sababu ndivyo wenyewe walivyoagiza. Akazima injini.

"Umemaliza?" Ngendo akauliza.

"Nimemaliza, mama."

"Nipeleke kwa mlango wangu nisimame mara moja, tuende."

Mathenge akashuka, akamshika mkono. Wakatembea kidogo, akasimama. Akatazama huku na huku.

"Ni hapa."

Ngendo akadunga fimbo chini. "Hapa ni jikoni. Mlango ni huku."

"Huko ni kwa choo, mama."

"Nimeingia kwa huo mlango tangu hujaota meno, na sasa utanionyesha choo."

Wakazunguka pale kwenye udongo uliosawazishwa, mkono kwa mkono, yeye akivuta kushoto na mama akivuta kulia, na kadiri walivyozunguka ndivyo alivyozidi kupotea. Dereva wa pikapu akapiga honi. Akapiga tena. Ngendo akachoka, akaketi chini pale pale fimbo ilipokuwa, akalivuta blanketi, akasema huu ndio mlango, na kama kuna mtu yuko na ubishi alete matoka.